Picha ya mandhari imekataa: lisake kosa ndani ya picha yenyewe

Wapiga picha wengi wa kujifurahisha, picha za safari zikiwaharibikia, huilaumu kamera kwanza. Kisha huanza kudunduliza fedha za lenzi mpya, na ikishanunuliwa kosa lilelile linarudi. Picha iliyoharibika hubeba alama za kilichoiharibu, na alama hizo zinasomeka ukijua pa kutazama. Kwa hiyo usiifute papo hapo. Ihamishe kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, kisha fungua taarifa zake uone kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga), ukubwa wa tundu la lenzi (huandikwa f/8, f/16 na kadhalika, namba kubwa ni tundu dogo), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na urefu wa lenzi (kwa milimita: namba ndogo ni lenzi pana, kubwa ni lenzi ndefu). Hata simu huhifadhi taarifa hizi. Telezesha picha juu, au gusa alama ya maelezo.

Mifano mingi humu naitoa Kilimanjaro, ukitazamwa kutoka Moshi upande wa kusini na kutoka Amboseli, mbuga ya Kenya iliyo kaskazini mwake, na pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Sehemu hizo mbili zina karibu kila tatizo linalompata mpiga picha wa mandhari katika nchi zetu.

Picha haiko shapu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote, kwa sababu chini ya jina moja kuna matatizo sita. Angalia ni lipi lako.

Kila kitu kimevutika upande mmoja. Tazama kitu kidogo chenye kung'aa, taa au tone la umande: badala ya nukta kimekuwa kistari. Huo ni mkono kutikisika. Kipimo cha zamani bado kinafaa: kwa lenzi ya milimita 200, shata isipungue 1/200 ya sekunde, na kwa kamera zenye sensa ndogo ya APS-C (sensa ni kipande kinachopokea mwanga) zidisha kwa 1.5, yaani 1/300. Alfajiri mwanga haukuruhusu kasi hiyo? Pandisha ISO. Picha yenye chengachenga kidogo lakini shapu inafaa kitu. Iliyotikisika haifai kwa lolote. Kwenye gari la safari, mwombe dereva azime injini, kwani mtetemo wake hupita kwenye mlango hadi kwenye lenzi, kisha uilaze lenzi juu ya kimfuko cha maharage dirishani. Na ikiwa unatumia tripodi na bado kuna mvutiko huo, zima kitulizi cha mtikisiko kwenye lenzi. Baadhi ya lenzi, hasa za zamani, huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza zenyewe. Tumia pia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole chako kisiiguse kamera shata inapofunguka.

Migomba imecheza lakini mlima umetulia. Huu ni upepo. Tripodi haisaidii hapa, maana kilichotikisika si kamera. Unahitaji shata ya 1/250 au zaidi, au subira hadi upepo utue. Chini ya Kilimanjaro upepo mara nyingi huwa mdogo alfajiri kuliko mchana, sababu nyingine ya kuamka mapema.

Umbali mmoja uko shapu na mwingine hauko. Jani la mbele linaonyesha kila mshipa na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni ukungu, au kinyume chake. Fokasi imekaa mahali pasipostahili. Kwa lenzi pana, usifokasi kwenye mlima wala kwenye jani la puani. Lenzi ya milimita 18 kwenye sensa ya APS-C, tundu likiwa f/8, ukifokasi umbali wa mita 2 hivi, kila kitu kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho kitakuwa na ukali wa kukubalika. Hilo huwashangaza watu, maana mlima uko kilomita 30, lakini ndivyo lenzi pana inavyofanya kazi. Kwa lenzi ndefu ujanja huu hauna nafasi. Hapo chagua kimoja, jani au mlima.

Picha nzima ni laini, na taarifa zinasema f/22. Wengi wamefundishwa kwamba tundu dogo huleta ukali kote, wakalibana mpaka mwisho. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hupinda na kusambaa, na ukali unapungua picha nzima. Kwenye APS-C baki kati ya f/8 na f/11. Kwenye sensa kubwa unaweza kufika f/13 au f/16 pale mbele panapokulazimisha. Simu nyingi hazina tundu la kubadilisha, kwa hiyo mwenye simu aruke aya hii.

Kingo za vitu zinachezacheza kana kwamba ziko chini ya maji. Umepiga kwa lenzi ndefu mchana, juu ya ardhi yenye joto. Hewa ya moto inapanda na kuupinda mwanga njiani. Uwanda mkavu wa Amboseli ni bingwa wa tatizo hili, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoliondoa. Sogea karibu na unachopiga, au njoo kabla jua halijaichemsha ardhi. Angalia pia kwamba hupigi juu ya boneti ya gari iliyotoka kutembea. Joto lake linafanya vivyo hivyo.

Kuna utando mweupe na taa zina miale mirefu. Futa lenzi. Kwenye simu hii ndiyo sababu ya kwanza kuangalia kabla ya zote, kwani kioo cha kamera kinashikwa na vidole na kulala mfukoni siku nzima. Kitambaa laini na kikavu kinatosha.

Mlima umefifia, umekuwa wa bluu au kijivu

Kutoka Moshi mjini hadi kilele cha Kibo ni karibu kilomita 30 kwa mstari wa moja kwa moja. Kutoka katikati ya Amboseli ni zaidi ya 45. Hewa yote hiyo imejaa mvuke, vumbi na moshi, na kamera inapiga picha ya hewa kabla ya kupiga ya mlima. Macho yetu yana hisani, yanaisahau hewa. Kamera haisahau.

Sababu ya kwanza ni majira. Mwishoni mwa kiangazi, mashamba yanapochomwa na vumbi limekaa hewani kwa wiki, utapata mlima uliofifia hata saa 1 asubuhi. Mvua ikinyesha usiku hewa inaoshwa, na asubuhi inayofuata ni ya thamani kuliko filta yoyote. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mawingu hufunika kwa siku kadhaa, ila likitokea pengo, mlima huonekana kama umesogezwa karibu. Januari na Februari ndiyo miezi ninayompendekezea mtu mwenye likizo moja tu.

Sababu ya pili ni saa. Kwa kawaida mawingu hujikusanya kuuzunguka mlima kadiri asubuhi inavyosonga, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka tambarare hupanda mteremko na kupoa. Aliyefika kibarazani saa 4 akiwa na kahawa mkononi amechelewa. Jaribu tena jioni, maana mara nyingi mawingu hushuka au kutawanyika jua linapokaribia kuzama, na kilele kikajitokeza juu yake.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo ndiyo inayowaponza watu waliofika kwa wakati: upande wa jua. Kutoka Moshi unautazama mlima ukielekea kaskazini. Desemba na Januari jua huchomoza kusini mwa mashariki, kwa hiyo asubuhi liko kulia na nyuma yako kidogo, na uso wa mlima unaoutazama unapata mwanga. Juni na Julai jua huchomoza kaskazini mwa mashariki, likawa mbele yako kidogo, na uso wa kusini unabaki kivulini. Kutoka Amboseli mambo yanageuka, maana huko unatazama kusini: Juni hadi Agosti ndipo uso wa kaskazini unapopigwa na mwanga vizuri. Mpiga picha aliyepiga Moshi mwezi wa Julai na kupata mlima wa rangi ya jivu hana kosa kwenye kamera. Amesimama upande usio na jua.

Filta ya polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, husaidia, na husaidia zaidi ukitazama pembe ya nyuzi 90 na jua. Asubuhi jua likiwa mashariki na mlima kaskazini au kusini, umepata pembe hiyo bila kutafuta. Inazidisha bluu ya anga na kupunguza utando. Lakini kwa lenzi pana huleta dalili mpya: anga limekuwa na bonde la giza katikati na weupe pembeni. Polaraiza haiwezi kulifunika anga pana kwa usawa. Izungushe kidogo kupunguza nguvu yake, au tumia lenzi isiyo pana kiasi hicho.

Kwenye programu ya kuhariri kuna kitelezi cha kuondoa utando. Kitumie kwa mkono mwepesi na kwenye mlima pekee. Ukikisukuma hadi mwisho juu ya picha nzima, migomba inakuwa myeusi na pembeni mwa kilele kunatokea duara jeupe linaloonekana kutoka mbali.

Mwanga mzuri umekwisha kabla hujajipanga

Mwongozo mwingi wa upigaji picha umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao huzungumzia saa nzima ya mwanga wa dhahabu baada ya macheo na kabla ya machweo. Karibu na ikweta jua hupanda takriban wima, nyuzi 15 kwa saa. Kutoka kuchomoza hadi kufika nyuzi 6 juu ya upeo, mahali ambapo dhahabu huanza kuwa nyeupe, inachukua kama dakika 25. London mwezi wa Juni safari hiyohiyo huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Hata mapambazuko yetu ni mafupi.

Ukifika eneo jua likichomoza, utatumia dakika 10 kutafuta pa kusimama na 5 kufunga tripodi, na kilichobaki ni kidogo. Moshi jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, linapishana kidogo tu mwaka mzima. Uwe umesimama saa 12 kasoro, fremu imechaguliwa, fokasi imekaa. Mahali penyewe upatafute jana yake mchana, wakati mwanga haufai kwa kazi nyingine.

Anga jeupe, ardhi nyeusi

Kamera haina uwezo wa macho yako wa kubeba mwanga na giza kwa pamoja. Asubuhi kilele kimepigwa na jua na bonde bado liko kivulini, kwa hiyo lazima umwambie kamera alinde nini. Jibu karibu daima ni sehemu ang'avu. Kivuli kinaweza kuvutwa wakati wa kuhariri, hasa ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Theluji iliyoungua haina kitu ndani yake cha kuvutwa.

Fungua histogramu, grafu inayoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Grafu ikigonga ukuta wa kulia, punguza mwangaza hadi iachane nao. Kwa simu, gusa anga na ushikilie mpaka mwangaza ujifunge, kisha telezesha kidole chini. Tofauti ikiwa kubwa kupita kiasi, piga picha tatu zenye mwangaza tofauti bila kusogeza kamera na uziunganishe baadaye.

Kinyume chake kipo pia, na kinachanganya wanaoanza: mchanga mweupe wa Paje au theluji inayojaza fremu inatoka kijivu. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila unachomwonyesha ni cha wastani, hivyo akiona weupe mtupu huuzima. Ongeza fidia ya mwangaza, +1 kwa kuanzia.

Rangi ya machweo iliyotoweka ni jamaa wa tatizo hili. Mpangilio wa rangi ukiwa wa otomatiki, kamera huona uchungwa mwingi na kuusahihisha kana kwamba ni kosa. Uweke kwenye alama ya jua au ya mawingu, nao utabaki.

Mlima mkubwa umekuwa kilima

Kibo ina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, lakini ukiipiga kutoka Moshi kwa lenzi ya milimita 24, au kwa kamera kuu ya simu, itachukua kama sehemu ya tano ya kimo cha picha. Sehemu nne zilizobaki ni anga, nyaya za umeme na mabati. Watu wakiona eneo kubwa hufikiri wanahitaji lenzi pana. Kwa mlima wa mbali, kinyume chake ndicho kweli. Lenzi ya milimita 100 kutoka Moshi, au 200 kutoka Amboseli, inaurudishia mlima ukubwa uliouona.

Kisha tafuta kitu cha kuupimia: mgunga, nyumba, tembo, mtu anayepita na baiskeli. Rudi nyuma, mbali na kitu hicho, halafu kivute kwa lenzi ndefu. Kitabaki na ukubwa uleule kwenye fremu huku mlima ukikua nyuma yake. Hii ndiyo siri ya zile picha za tembo wa Amboseli wenye Kilimanjaro lote mgongoni. Kwa simu, tumia lenzi ya pili ya zumu kama ipo. Zumu ya kunyoosha kwa vidole kupita hapo hukata tu picha na kuikuza.

Bahari haina rangi, au haipo kabisa

Mtu amesafiri hadi Jambiani kupiga picha ya maji ya feruzi, akakuta tope na mwani mpaka kwenye miamba. Hakukosea pwani, amekosea maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja hufikia karibu mita 4, na upande wa mashariki ambako sakafu ni tambarare bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Siku hizo maji huwa yamepwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, na kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50. Muulize mvuvi yeyote, au tazama jedwali la maji kabla ya kulipia chumba.

Kwa rangi ya maji nakushauri jambo linalopingana na yote niliyosema kuhusu mlima: njoo mchana. Jua likiwa juu, mwanga unazama hadi kwenye mchanga mweupe na kurudi na ile feruzi. Alfajiri unapata anga zuri juu ya maji ya rangi ya chuma. Polaraiza iondoe mng'ao wa juu, na maji yatafunguka.

Anayetaka mashamba ya mwani yakiwa wazi ana shida nyingine. Kinamama hufanya kazi maji yakiwa yamepwa, na saa 4 mwanga ni mkali, nyuso zinajaa vivuli. Nenda siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu, maji yanapopwa mapema zaidi na jua bado liko chini. Na kabla ya kunyanyua kamera, salimu. Shikamoo kwa mkubwa, eleza unachotaka, subiri jibu. Wako kazini, na kukataa ni haki yao. Ukikubaliwa, mabega hulegea na mikono inaendelea na kazi, na hilo linaonekana kwenye picha waziwazi.

Upeo wa bahari ukiwa umelala upande, washa mistari ya gridi. Ukiwa umepinda kama upinde, lenzi pana imeupinda kwa sababu umeuweka karibu na ukingo wa juu au wa chini. Usogeze kuelekea katikati, au urekebishe kwenye programu.

Madoa, ukungu, na mengine ya haraka

Madoa ya kijivu angani yaliyo mahali palepale kwenye kila picha ni vumbi juu ya sensa. Yanaonekana f/16 na kupotea f/4. Yathibitishe kwa kupiga anga tupu kwa f/22. Puliza kwa kipulizi cha mpira, mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo wako. Mate yakitua kwenye sensa utahitaji fundi. Na usibadilishe lenzi gari likiwa kwenye njia ya vumbi.

Kioo kimefunga ukungu mara tu ulipotoka hotelini: kamera imelala kwenye kiyoyozi na hewa ya pwani ni ya joto na unyevu. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Usifute, usifungue lenzi. Ukiishi pwani, hifadhi vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na pakiti za silika, kwa sababu kuvu ikishaota ndani ya lenzi huacha makovu kwenye kioo.

Ukipiga kupitia dirisha la basi na kuona mikono yako kwenye picha, sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa na uizungushie khanga au sweta la rangi nzito. Vua polaraiza, vioo vingi vya pembeni huonyesha nayo mabaka ya rangi. Shata 1/1000, na lenga mbali, maana vya karibu vitapita tu.

Betri imekata ghafla juu mlimani: baridi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, nayo itarudisha sehemu ya chaji.

Picha ni safi kwenye simu yako lakini mjomba aliyeipokea kwa WhatsApp anaona mabaka: imebanwa njiani. Itume kama faili, si kama picha, ndipo atapata ileile. Na ukiipeleka studio kuchapishwa ikarudi giza, kioo cha simu yako kiko kwenye mwanga wa juu kabisa. Kishushe hadi nusu unapohariri, kisha chapisha kipande kidogo cha majaribio kabla ya kulipia kubwa. Kwa ukubwa usihofu: simu ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4,000 kwa 3,000, na hizo zinatosha A4 kwa raha, hata A3 ya kutundika ukutani ikiwa fokasi ilikaa.